Folio ya Kwanza ya Jalada la Seva

Mwanangu, nakumbuka Ijumaa moja ya masika ambayo mawingu yalikuwa yameufunika Uluguru tangu alfajiri, ukitazama dirishani unaona weupe mtupu mahali palipokuwa na mlima jana yake. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya ardhi hapa Morogoro, na asubuhi ile nilikuwa nimepiga magoti mbele ya seva katika chumba cha nyuma, nikisakinisha programu ya hifadhidata kwa mara ya tatu. Na kwa mara ya tatu ikakataa.

Nakuandikia wewe unayeanza kazi ya kompyuta katika ofisi za watu. Utafundishwa mengi na mashine zenyewe, na mengine utayasoma. Hili moja ni bora ulipate kwangu, maana nilijifunza kwa kumuumiza mtu ambaye hakuwa na kosa.

Kwanza uelewe kazi yenyewe ilikuwa nini. Kumbukumbu za mashamba ya vijiji vya milimani zilikuwa zimekaa kwenye karatasi miaka yote, ndani ya masjala. Tuliagizwa tuziingize kwenye hifadhidata, mpya kwanza, za zamani baadaye. Karani wetu wa uwandani, kijana mmoja mpole aitwaye Rashidi, alikuwa amepanda vijiji vya juu ya Mlali na laptopu begani, akaandika maelezo ya wazee kuhusu mipaka. Hakutumia karatasi kwa sababu mvua ya kule haikuachii karatasi. Aliandika moja kwa moja kwenye laptopu, akamsomea mzee maneno yake mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, mzee akikubali wanaendelea. Mpango ulikuwa tuyachape ofisini, kisha Rashidi ayarudishe kule yawekwe dole gumba.

Mmoja wa wazee hao aliitwa Mzee Sudi. Alikuwa mjomba wa mama mmoja mkulima, Bi Mwajuma. Kwa Waluguru, ardhi ya namna ile hufuata lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, na neno la mjomba kuhusu mpaka lina uzito kuliko neno la mtu mwingine yeyote. Mzee Sudi alieleza shamba la Bi Mwajuma linaanzia wapi na linaishia wapi. Siku kumi na mbili baadaye, kabla karatasi hazijarudi, akafariki. Na watoto wa marehemu kaka yake Bi Mwajuma walikuwa wameshafungua shauri kwenye baraza la ardhi la kata, wakisema shamba lile lilikuwa la baba yao na sasa ni lao. Baraza lilikuwa likae Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Kwa hiyo maneno ya Mzee Sudi yalikuwa kwenye laptopu moja tu. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa tayari kuyathibitisha kwa saini yake, lakini ilibidi kwanza awekewe karatasi mezani. Mwenyewe alikiri kwamba siku ile alisikia jiwe likitajwa, na kijito, basi. Mpangilio wake hakuukumbuka.

Turudi kwenye chumba cha nyuma.

Kila nilipoisakinisha ile programu, ilikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho, kisha ikaniambia huduma imeshindwa kuanza, ikarudi nyuma. Mara ya kwanza nilidhani diski ya programu ina kasoro, nikatafuta nyingine. Mara ya pili nilidhani nafasi haitoshi, nikafuta vitu. Mara ya tatu nilikuwa sidhani chochote, nabonyeza tu. Kila ujumbe uliotokea niliufunga kabla sijaumaliza kuusoma. Nilikuwa nimemuahidi mkuu wetu wa ofisi, mama mmoja asiyependa maelezo marefu, kwamba Ijumaa saa nane kazi itakuwa imekwisha.

Mlangoni akapita Mzee Kibwana, mtunza masjala. Alikuwa Mluguru wa mjini hapa hapa, kanzu yake imenyooshwa tayari kwa sala ya Ijumaa. Nilimwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Hicho kisanduku kimekataa tena?"

"Kinanisumbua kidogo tu."

"Kimesema nini?"

"Hakijasema kitu, mzee."

"Mmekaa wawili asubuhi nzima na hakijasema kitu? Mke wangu akininunia husema kitu." Akaweka kofia yake sawa, akaenda zake msikitini.

Nilicheka. Sikuelewa kwamba alikuwa ameniuliza swali la kazi.

Ofisi ilipobaki tupu kwa ajili ya sala, nikapata wazo. Kwenye seva ile kulikuwa na programu ya ulinzi, ile watu wanayoiita antivairasi, ingawa ya kwetu ilikuwa na kazi zaidi ya hiyo. Ilitawaliwa kutoka makao makuu. Haikuruhusu programu ngeni ianzishe huduma kwenye seva bila makao makuu kuijua. Njia ya halali ilikuwa kuandika barua: jina la programu, folda itakakokaa, na mlango wa mtandao itakaoutumia. Barua ikasainiwa na mkuu, ikatumwa, ukasubiri jibu. Mimi niliona kuomba ruhusa ni kukiri sijui. Tena nilikuwa na nenosiri la kuizima ile programu, nililopewa kwa ajili ya dharura.

Nikaizima. Nikarudia kusakinisha, na safari hii hifadhidata ilikwenda hadi mwisho bila kusita. Nikasimama pale nikijisikia bingwa.

Rashidi aliporudi kutoka msikitini nilimwita alete maelezo ya wazee. Aliyatoa kwenye laptopu kwa flashi yake, pamoja na picha alizopiga kule, nikaichomeka kwenye seva, nikayaingiza yote. Nilimwona Mzee Sudi kwenye orodha, namba thelathini na moja. Sikufungua kusoma.

"Dada, ziko salama?" Rashidi akauliza. "Maana laptopu hii jioni inatakiwa iende Ngerengere na timu nyingine, na wamesema niwape ikiwa safi."

Nilimjibu, "Ziko salama. Isafishe."

Maneno hayo matatu, mwanangu, niliyasema huku nikifuta vumbi la goti. Rashidi akaifomati laptopu, akafomati na flashi kwa sababu alikuwa mtu wa utaratibu. Saa nane kasoro nikamwambia mkuu kazi imekwisha. Programu ya ulinzi sikuiwasha. Nilisema nitaiwasha Jumatatu nikishaona hifadhidata imetulia. Sikumwambia mtu yeyote kwamba nimeizima, wala sikuandika mahali.

Jumatatu nilipofika, Bi Mwajuma alikuwa ameshakaa kwenye benchi la nje. Ameshuka kutoka milimani alfajiri, khanga mbili, kikapu cha magimbi miguuni. Alikuwa mwembamba mwenye sauti nene kuliko umbo lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata maneno ya mjomba."

"Subiri kidogo mama, nakuchapia sasa hivi."

Nikaingia chumba cha nyuma. Hifadhidata haikuwaka. Nikaiwasha kwa mkono, ikazima. Nikafungua folda yake, na faili kubwa, lile linalobeba data zote, halikuwepo. Kwenye kona ya kioo alama ya programu ya ulinzi ilikuwa ya kijani. Imejiwasha yenyewe.

Nilijua papo hapo kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Nataka ulishike hilo, usije ukadhani nilikuwa gizani. Sikujua yanahusiana vipi, lakini nilijua. Na nilitoka nje nikamwambia Bi Mwajuma kwamba mtandao unasumbua, aje kesho.

"Mtandao wa wapi?" aliuliza.

"Wa makao makuu, mama."

"Haya. Hao wa makao makuu nao wana wajomba, watanielewa." Akajitwisha kikapu chake. Kisha akakitua tena, akatoa magimbi manne akaniachia juu ya benchi. "Uchemshe, utapata nguvu ya kuwasubiri."

Siku ile nzima nilihangaika kimya kimya. Nilitafuta faili kwenye kila folda. Nilisakinisha hifadhidata upya juu ya ile ya zamani, na kwa kuwa mabaki ya majaribio yangu ya kwanza yalikuwa bado yamo, nikazidi kuivuruga. Mchana mkuu alinyoosha shingo mlangoni akauliza kuna nini. Nikasema data za uwandani hazionekani.

"Nani alikuwa nazo mara ya mwisho?"

Nilinyamaza. Ukimya wangu haukuzidi pumzi mbili, lakini ulitosha.

"Rashidi ndiye aliyefuta laptopu," mtu mmoja akasema kutoka meza ya jirani.

Mkuu akageuka akamwita Rashidi. Kufikia saa tisa ofisi nzima ilikuwa na hadithi moja: Rashidi amefuta maneno ya marehemu. Rashidi mwenyewe aliniangalia mara moja tu. Hakusema, "Si uliniambia nisafishe?" Alikuwa karani wa mkataba, mimi mwajiriwa, na yeye alijua nani ataaminiwa. Aliambiwa aandike maelezo, na kwamba mkataba wake utajadiliwa.

Magimbi yale nilichemsha jioni. Sikuweza kuyala.

Jumanne Bi Mwajuma alirudi. Safari hii hakuuliza mtandao. Alikaa tu benchini, mikono magotini, akitazama mlango. Nilipita mbele yake mara tatu nikijifanya nina karatasi za kupeleka. Mara ya nne nilikwepa kwa kuingia masjala.

Masjala ilikuwa chumba kirefu chenye rafu za mbao hadi darini. Mezani kwa Mzee Kibwana palikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakikuondoka pale, nacho ni kitabu cha mwendo wa majalada. Hakuna mtu, hata mkuu, aliyetoa jalada bila kuandika humo jina lake, siku na anakolipeleka. Watu walimtania kwamba siku ya kufa atamsainisha malaika.

"Kaa," alisema bila kuinua kichwa. Nikakaa. Akamaliza alichokuwa anaandika, akavua miwani. "Nimesikia Rashidi amepoteza data."

"Ndivyo wanavyosema."

"Sikuuliza wanavyosema. Mimi nimekaa humu miaka mingi, binti yangu, na sijawahi kuona jalada likipotea. Majalada niliyoyatafuta yote yalikuwa mahali fulani. Kuna mtu alilichukua hakuandika. Ukimpata huyo umelipata jalada. Sasa hilo jalada lako la umeme, nani amelishika na hakuandika?"

Nikakitazama kile kitabu cha mwendo.

Akafungua mtoto wa meza, akatoa jalada jipya, jekundu, halijaandikwa kitu. Juu yake akaandika kwa mwandiko wake wa kulala: SEVA. Akachomoa karatasi moja, akaniwekea na kalamu.

"Andika yote uliyoifanyia ile mashine tangu Ijumaa asubuhi. Moja moja, kama yalivyofuatana. Usinieleze mimi, mimi sijui kompyuta. Andika."

"Mzee, itachukua muda."

"Yule mama aliye nje ana muda mwingi? Andika."

Nikaandika. Jaribio la kwanza, ujumbe niliouona. Hapo nikakwama, maana ujumbe wenyewe siukumbuki.

"Kisanduku hakikusema kitu," akanikumbusha taratibu.

"Kilisema. Sikusoma."

"Hakijaandika popote?"

Kilikuwa kimeandika. Seva zote huandika kumbukumbu ya kila kinachotokea, na mimi fundi nilikuwa sijaifungua hata mara moja. Nilikwenda chumba cha nyuma nikaichapa, karatasi sita, nikarudi nazo. Nikaanza kusoma karatasi ya juu, ya Jumatatu, na Mzee Kibwana akazigeuza zote kifudifudi.

"Unasoma ugomvi kuanzia matusi ya mwisho. Jalada ukitaka kujua limeanzaje, unageuza, unaanza chini. Soma kwa sauti."

Nikasoma kuanzia Ijumaa saa tatu asubuhi. Mstari wa nne tu ulisema wazi kabisa: programu ya ulinzi imezuia kuanzishwa kwa huduma, ikataja na jina la huduma. Ulijirudia katika jaribio la pili, ukajirudia katika la tatu. Nilikuwa nimeambiwa mara tatu nani ananizuia na kwa nini. Kisha nikafika Ijumaa saa saba na dakika kumi. Nikasoma mstari huo kimya.

"Sauti," alisema Mzee Kibwana.

"Ulinzi umezimwa," nikasoma. Na mbele yake palikuwa na jina langu la kuingilia.

Hakushtuka. Alisogeza ile karatasi yangu karibu nami zaidi. "Na hilo liandike."

"Mzee, nikiandika hilo kazi yangu..."

"Binti yangu, humu ndani watu wamechukua majalada ya viwanja, ya mirathi, ya kila aina. Sijamchukia aliyechukua. Kazi huwa inamlazimu mtu. Lakini anayechukua bila kuandika, huyo anatufanya sote tutafutane uchawi. Leo tumemfanya Rashidi mchawi. Kesho kutwa yule mama atasimama mbele ya baraza mikono mitupu, aonekane mwongo. Kwa mstari mmoja ambao hutaki kuuandika." Akavaa miwani yake. "Kuzima si neno. Neno ni kuzima ukaondoka."

Nikaandika. Saa saba na dakika kumi nimezima programu ya ulinzi, sikumwambia mtu. Saa nane kasoro nimemwambia Rashidi afute laptopu. Nikaweka saini. Mzee Kibwana akaandika namba moja kwenye kona ya juu, akaizungushia duara, akaifunga kwenye jalada kwa uzi. Hiyo ikawa folio ya kwanza.

Kisha akanisogezea simu ya mezani.

Aliyepokea makao makuu aliitwa Elia, mtu wa usalama wa mifumo. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa. Nilimsomea ile folio neno kwa neno.

"Kumbe ni nyinyi," alisema. "Mashine yenu imenilia tangu Jumamosi asubuhi. Nimewatumia barua pepe mbili."

"Sikuzifungua."

"Nimeona. Sasa sikiliza. Ulinzi ukizimwa huku kwetu unajiwasha wenyewe kesho yake saa tano asubuhi. Ulipowaka umekagua kila kitu, umekuta kirusi ndani ya faili la hifadhidata yenu, ukalichukua lote ukaliweka karantini, yaani ukalifungia pembeni. Mlichomeka nini?"

"Flashi."

"Ya nani, imetoka wapi?"

Nilifunika simu nikamwita Rashidi, akaja amesimama mlangoni kama aliyeitwa polisi. Flashi ile, alisema, Alhamisi aliitumia kuchapa fomu ya safari kwenye steshenari moja ya Msamvu, karibu na stendi. Unazijua steshenari zile, kompyuta moja inapokea flashi za mkoa mzima.

"Basi huko," alisema Elia. "Na ungeacha ulinzi umewaka, ungemkamata mdudu kwenye flashi kabla hajaingia, maelezo yenu yangepita safi. Umemtoa mlinzi getini saa ile ile mgeni anabisha hodi."

"Faili lipo?"

"Lipo. Vya karantini tunavifuta baada ya siku nne. Lenu ni kesho saa tano." Nikamsikia akibonyeza vitufe. "Ungenipigia Jumatatu, ningekuwa nimeshakurudishia chai haijapoa. Ungenipigia Alhamisi, ningekupa pole."

Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na robo mchana.

Kazi iliyofuata haikuwa na ujanja wowote, na ndiyo maana nakusimulia. Elia alinitaka nichomoe seva kwenye mtandao wa ofisi, ibaki na njia moja ya kuzungumza na yeye. Niliondoa hifadhidata yote na mabaki ya kila jaribio, moja baada ya jingine, hadi seva ikawa kama haijawahi kuiona. Mkuu alisaini barua. Aliisoma folio ya kwanza kabla ya kusaini, akaniangalia kwa muda ambao sitausahau. Barua ikaenda kwa faksi ikiwa na vitu vitatu tu: jina la huduma, folda, na mlango wa mtandao. Elia akaviruhusu hivyo vitatu, ulinzi ukabaki umewaka kwa kila kitu kingine. Nikasakinisha. Dakika ishirini. Haikukataa hata mara moja. Asubuhi nzima ya Ijumaa niliyoipitisha nimepiga magoti ilikuwa na thamani ya barua ya mistari mitatu.

Kisha akalirudisha faili kwenye folda ya pembeni, tukatoa maandishi peke yake, tukayakagua, tukayaingiza. Yaliingia yote isipokuwa picha alizopiga Rashidi, zile ndizo zilizokuwa na mdudu. Picha hizo hazikurudi tena.

Saa kumi na nusu nilifungua namba thelathini na moja.

Bi Mwajuma alikuwa bado benchini. Nilikwenda nikachuchumaa mbele yake, na kabla sijampa karatasi nikamwambia ukweli. Nilimwambia mtandao haukusumbua, ni mimi niliyefanya kosa nikaficha, na kwamba kesho asubuhi maneno ya mjomba wake yangefutika kabisa. Nilimwambia pia kwamba Rashidi hana kosa, nikasema kwa sauti ili na waliokuwa madirishani wasikie.

Alitazama karatasi mkononi mwangu.

"Sijui kusoma vizuri," alisema mwishowe. "Nisomee."

Nikamsomea. Mzee Sudi alikuwa ameeleza mpaka kama mtu anayetembea: anza jiwe lenye ufa, shuka na kijito, ukifika walipo magimbi ya marehemu dada yangu simama, hapo panda kushoto hadi uione njia ya Mgeta. Mwisho Rashidi alikuwa ameongeza mstari ambao haukuhitajika, lakini aliuandika kwa sababu mzee aliusema: "Mwajuma alizaliwa mvua ikinyesha, mama yake alikuwa analima hapo hapo kwenye magimbi."

Bi Mwajuma alifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Hilo la mvua alisema?"

"Alisema, mama. Limeandikwa."

"Hilo hakuwahi kuniambia." Akaikunja karatasi mara nne, akaiweka kifuani. Aliposimama ndipo akanitazama. "Magimbi ulikula?"

"Sikuyala, mama."

"Ulijua hayakuwa yako," alisema, akajitwisha kikapu akaondoka kuwahi gari.

Alhamisi baraza lilikaa. Mwenyekiti wa kitongoji aliposomewa alisema naam, ndivyo mzee alivyosema, na akaweka saini. Wajumbe walikwenda wakatembea mpaka kwa maneno yale, jiwe, kijito, magimbi. Shamba lilibaki kwa Bi Mwajuma, isipokuwa kipande cha juu ya njia, ambacho mjomba mwenyewe hakukitaja. Hicho wakapewa watoto wa kaka yake. Rashidi aliongezewa mkataba. Mimi nilipewa barua ya onyo, nikasaini kuipokea, Mzee Kibwana akaifunga kwenye jalada jekundu. Folio ya pili.

Mwaka juzi, kabla sijahama ofisi ile, nilipita masjala kuaga. Mzee Kibwana ameshatangulia mbele ya haki miaka mingi. Yuko binti mmoja pale, ana kompyuta mbele yake, lakini kitabu cha mwendo wa majalada bado kipo mezani. Nilimwomba jalada la seva. Alinipa majuzuu matatu. Ndani yake kila fundi aliyepita ofisini ameandika alichozima, saa ngapi, kwa nini, na saa aliyokiwasha. Miandiko ya watu nisiowajua. Nilifungua juzuu la kwanza, nikaligeuza, nikaanza chini. Folio ya kwanza bado ipo, wino umekuwa wa kahawia. Yule binti aliniuliza kama namjua aliyeandika. Nikamwambia namjua. Kisha nikasaini kitabu, nikamrudishia jalada.

Sasa mwanangu, nisikilize. Programu ikigoma, soma inachosema kabla hujaijaribu tena, na usome tangu mwanzo wa tatizo. Ulinzi wa ofisi usiuone ni adui wa kazi yako. Umewekwa na mtu mwenye simu, mpigie. Omba ruhusa ya kile kidogo unachokihitaji, usifungue nyumba nzima. Mabaki ya majaribio yako yaondoe. Usimwambie mtu afute chake mpaka umekifungua kile chako na kukiona kwa macho yako. Na ikitokea umelazimika kuzima, maana kuna siku utalazimika, andika jina lako na saa, mwambie mtu, usitoke chumbani mpaka umewasha. Ukikosea, sema siku ile ile. Siku ya kwanza kosa linakuwa la kwako peke yako. Siku ya pili kuna Rashidi analibeba.

Mungu akupe macho ya kusoma taratibu na mkono usioogopa kuandika jina lako. Kazi yako isimtoe mtu machozi, na siku ikimtoa, akupe miguu ya kwenda kuchuchumaa mbele yake kabla jua halijazama. Na ukipewa magimbi, uyale kwa amani.